Spaiki kwa mkimbiaji wa Mombasa: kuchagua, kufunga misumari na kuzikinga na chumvi

Ukiwa mkimbiaji wa Mombasa, kinachopaswa kuamua ununue spaiki gani, yaani viatu vya mbio vyenye misumari ya skrubu chini, si jina lililochapwa ubavuni mwa kiatu wala rangi yake. Ni ardhi utakayoikanyaga. Wauzaji wengi huanza kwa kukuuliza mbio zako ni za mita ngapi, na swali hilo ni zuri kwa mtu ambaye kila jioni yuko kwenye tartani, ile njia ya mbio yenye sakafu ya mpira. Huku kwetu, kijana huyohuyo wa mita 200 anaweza kufanya mazoezi Jumatatu kwenye uwanja wa shule wenye nyasi za viraka, Jumatano kwenye murram iliyochomoza mawe, Jumamosi ufuoni Pirates, kisha siku akifuzu anajikuta kwenye viwanja vya Kasarani au Nyayo, Nairobi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini na kupanda juu.

Hatua ya 1: Ipime ardhi

Chukua msumari mmoja wa spaiki, au bisibisi nyembamba, uende nao mnapofanyia mazoezi. Ubonyeze ardhini kwa nguvu za kidole gumba, sehemu mbalimbali, hasa kwenye kona na pale mnapoanzia mbio. Ukizama wote bila ubishi, ardhi hiyo inapokea spaiki. Ukizama nusu, tumia misumari mifupi. Ukigoma kabisa, vaa raba zako za kawaida. Msumari usioingia chini husukuma juu, na uzito wa kila hatua unarudi kwenye unyayo, pale chini ya vidole. Mkimbiaji anayelalamika kwamba spaiki zinamchoma kwa ndani mara nyingi hana tatizo la kiatu. Tatizo lake ni uwanja.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, viwanja vyetu vya udongo hukauka vikawa vigumu, na jaribio la msumari ulilofanya Oktoba halina maana tena. Masika yakishika Aprili na Mei, uwanja uleule unakuwa tope. Sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo hata palipo na nyasi nzuri jiwe huweza kuwa limejificha chini kidogo. Jiwe moja linatosha kupasua bamba la soli au kuteguza kifundo cha mguu.

Kwa urefu wa misumari, anza hivi: milimita 6 kwenye tartani, milimita 9 kwenye nyasi kavu zenye udongo laini, milimita 12 nyasi zikiloa, na 15 ikiwa ni mbio za nyika na tope limekolea. Kwenye murram iliyoshindiliwa usizidi 6, na ukiona mawe yamechomoza achana na spaiki. Mchangani hazina kazi kabisa. Mchanga haushikwi na msumari, na chembe zake zikiingia kwenye matundu ya skrubu ni shida nyingine. Ufuoni kimbia kwa raba au miguu mitupu.

Hatua ya 2: Jua kiatu cha mchezo wako

Spaiki za mbio fupi, yaani mita 100 hadi 400 pamoja na viunzi, zina bamba gumu lililopinda kuelekea juu mbele, na kisigino chake hakina kitu cha maana. Zimeundwa kwa mtu anayekimbia kwa ncha za miguu tangu mlio wa bastola hadi utepe. Ukizivaa kwenye mita 3,000, chafu za miguu zitakulipiza usiku. Za mbio za kati, mita 800 na 1,500, bamba lake ni la wastani na kisigino kina sponji kidogo. Za mbio ndefu ni laini zaidi na hupinda kwa urahisi. Wale wa kuruka viunzi na maji watafute kiatu ambacho kitambaa chake kinapitisha maji haraka, maana kidimbwi hakiepukiki. Kiatu cha nyika kina soli ya raba yenye meno, na misumari ni nyongeza tu.

Wa uwanjani nao wana mambo yao. Mrukaji wa juu na mrushaji mkuki huhitaji misumari hadi kisiginoni, kwa sababu wote wawili hukimbia kisha wakafunga breki ghafla kwa mguu mmoja. Tazama picha za Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki mwaka 2015, anapotua mguu wa mbele. Nguvu yote ya mbio zake inasimama juu ya kisigino kile. Tufe na kisahani havitaki misumari hata kidogo. Hurushwa kutoka kwenye duara la saruji, na kiatu chake kina soli laini ya kuzungukia.

Kama pesa zako ni za jozi moja tu, na bado hujui utaishia mbio gani, nunua za mbio za kati. Zitakufaa mita 200, zitakufaa 800, na ukibadilisha misumari zitakuvusha mbio za nyika za shule. Hazitakuwa bora kwenye lolote kati ya hayo, lakini hazitakuumiza. Mtoto wa shule ya msingi simnunulii spaiki. Mguu unakua haraka, na kukimbia peku ni halali. Kanuni za riadha zinaruhusu kushindana miguu mitupu, au hata na kiatu mguu mmoja.

Hatua ya 3: Sokoni

Wengi wetu tutanunua mitumba, na sioni aibu yoyote hapo. Kongowea ndiko kwenye wingi. Ukijuana na muuzaji akakupigia simu siku ya kufungua robota, utapata kuchagua kabla wengine hawajafika. Ile mizigo ya daraja la kwanza wanayoiita kamera huondoka asubuhi. Jambo moja litakuokoa kuliko mengine yote: nenda sokoni ukiwa na msumari mpya wa spaiki na spana yake mfukoni.

Kwanza hakikisha ni spaiki za riadha. Kwenye rundo hilohilo kuna viatu vya gofu, kriketi, besiboli na njumu za mpira, na muuzaji atakwambia kwa moyo mweupe, "Hizi ni za mbio, dadangu, angalia chini." Angalia kweli. Viatu vya gofu ni vizito, vina ngozi, na meno yake ya plastiki yametanda kama nyota mpaka kisiginoni. Vya kriketi vina soli nene na misumari kisiginoni pia. Vya besiboli vina vyuma bapa ambavyo havifunguki. Spaiki za riadha ni nyepesi hata ukashangaa, na matundu yake ya skrubu, kwa kawaida kati ya manne na manane, yote yako mbele isipokuwa za kuruka juu na mkuki.

Kisha washa tochi ya simu umulike ndani ya kila tundu. Unatafuta meno ya skrubu yaliyo mazima. Ingiza msumari wako kwa vidole. Ukizunguka mara mbili tatu bila kupinda, tundu hilo ni zima. Ukizunguka tu bila kushika, meno yamekwisha. Tundu moja bovu kwenye jozi unaweza kuvumilia na kutumia kushusha bei. Matundu mawili upande mmoja wa kiatu, rudisha kiatu chini. Kama misumari ya zamani imo na imeota kutu, usikubali maneno ya "itatoka tu ukifika nyumbani." Mwombe akuruhusu uitoe palepale kwa spana. Akikataa, ana sababu.

Baada ya hapo bonyeza sponji ya soli kwa ukucha. Sponji nyingine huozeshwa na joto na unyevu hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa, na mitumba imekaa ndani ya makontena kwa muda mrefu. Ikibaki na shimo, au ikatoa unga, kiatu hicho kitaachana na soli yake kwenye mazoezi ya kwanza. Vuta kidogo ncha ya mbele uone gundi. Hapo ndipo huanza kubanduka. Usisahau kulinganisha kulia na kushoto. Jozi zenye namba tofauti zipo nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Namba nazo zinachanganya. Kiatu cha mwanamke na cha mwanamume vyenye namba moja ya Marekani havilingani, na za Uingereza na Ulaya zina hesabu yake. Kwenye lebo iliyoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu tafuta kipimo cha sentimita. Hicho hakina jinsia wala uraia. Ukiagiza kiatu kipya mtandaoni, muulize muuzaji akupigie picha ya lebo hiyo kabla hujatuma pesa.

Hatua ya 4: Kujaribu mguuni

Jaribu jioni, ukiwa umeshazunguka na mji siku nzima, kwa soksi zilezile utakazokimbilia. Kwa joto letu mguu hufura, na kiatu kilichokaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kubana saa tisa alasiri, ambayo ndiyo saa ya fainali nyingi.

Spaiki hubana kuliko raba. Vidole viguse mbele kidogo tu bila kukunjika, au vibakishe kama nusu sentimita kwa mbio ndefu; katikati ya mguu pakazwe sawasawa; kisigino kisipande unaponyanyua mguu. Simama kwa ncha za miguu, kisha rukaruka pole pole. Maumivu yoyote dukani yatakuwa makubwa zaidi uwanjani.

Joto la Mombasa lisidharauliwe hata na aliyevaa kiatu cha bei ghali. Mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu, Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa amezitwaa mbio hizo ndefu mara tano mfululizo. Alijitoa kabla ya kufika utepe, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwa hiyo mtu akikwambia spaiki fulani zitakupa ushindi, muulize kwanza kama zinakuja na maji ya kunywa.

Hatua ya 5: Kufunga misumari

Safisha kila tundu kwa mswaki mkuukuu na kijiti cha meno. Chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu meno ya skrubu, na meno yakishaharibika hakuna fundi wa kuyarudisha. Paka ncha ya skrubu grisi kidogo sana au mafuta ya mgando ya kujipaka. Watu wa bara wanaweza kuruka jambo hili, lakini wewe unayeishi karibu na bahari usiliruke.

Ingiza msumari kwa vidole hadi ukome. Ukiona umeanza kwenda mshazari, toa uanze upya, usilazimishe. Halafu kaza kwa spana robo mzunguko, basi. Kukaza kwa ubabe ndiko kunakofanya watu walie baadaye. Matundu usiyoyatumia yafunike kwa vifuniko vyake vidogo visivyo na ncha ili yasijae uchafu. Ukimaliza kupasha mwili moto, kagua tena. Msumari mpya hulegea kidogo baada ya mikimbio ya kwanza.

Misumari ina maumbo. Ya piramidi ndiyo ya kawaida na inafaa karibu kila mahali. Ya sindano huchoma tartani vizuri lakini huisha haraka kwenye udongo. Ile ya ngazi ngazi hubonyeza tartani bila kuitoboa, na kwenye nyasi haina faida. Nyingi ni za chuma. Zipo za kauri ambazo hazioti kutu kabisa, na ukizipata chukua, ila ujue kwamba zikigonga jiwe huvunjika.

Hatua ya 6: Kuzoea

Kiatu hiki hakina kisigino cha kukubeba. Kazi yote inahamia kwenye chafu za miguu na kano ya kisigino, na kano hiyo haijui kusamehe. Wiki mbili za kwanza vaa spaiki mara moja tu kwa wiki, mwisho wa mazoezi: mikimbio minne ya mita 60 kwenye nyasi, kwa kasi ya robo tatu, ukirudi kwa kutembea. Wiki ya tatu ongeza hadi mita 100 na ujaribu kona. Wiki ya nne fanya sehemu moja ya mazoezi makali nazo, kisha uvue. Kano ikiuma asubuhi unaposhuka kitandani, rudi kwenye raba mpaka maumivu yaishe. Kupasha mwili moto na kupoza mwili hufanywa kwa raba siku zote.

Na usitembee nazo barabarani. Lami, saruji na kabro hula misumari kwa siku moja, na ukizivaa kwenye ngazi za matatu unaweza kuanguka au kumkanyaga abiria mwenzako. Zibebe kwenye mfuko mgumu, ncha zikielekeana.

Hatua ya 7: Siku ya mashindano

Kanuni za dunia ni fupi. Misumari isizidi 11 kwa kila kiatu. Kwenye tartani isichomoze zaidi ya milimita 9, isipokuwa kuruka juu na mkuki ambako ni 12. Kwenye ardhi isiyo tartani mwisho ni milimita 25. Unene wa soli, tangu Novemba 2024, usizidi milimita 20 kwa mbio na michezo yote ya uwanjani. Lakini mwenye uwanja anaweza kuweka kikomo chake cha chini zaidi ili kulinda tartani yake, kwa hiyo beba seti ya milimita 6 hata kama umezoea 9. Waamuzi hukagua pale mnapoitwa kabla ya mbio, na hapo si mahali pa kuanza kutafuta spana.

Idadi ya misumari ina kikomo kwa sababu nzuri. Mwaka 1968 Puma walitengeneza kiatu chenye vijisumari vyembamba 68, kama brashi. John Carlos alikimbia nacho mita 200 kwa sekunde 19.92 huko Echo Summit, Marekani, muda ambao ulikuwa chini ya rekodi ya dunia, lakini haukutambuliwa kwa sababu ya kiatu hicho.

Mfukoni uwe na spana, misumari minne ya akiba, kamba za ziada na plasta. Mkichomana kwenye kupokezana kijiti au kwenye msongamano wa mita 800, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda. Usidanganyike kwamba msumari usio na kutu ni salama. Vimelea vya pepopunda hukaa kwenye udongo.

Hatua ya 8: Vita na chumvi

Hapa ndipo spaiki za Mombasa hufia, na mara nyingi mwenyewe hajui. Upepo wa bahari una chumvi, jasho lina chumvi, na nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Mtu anamaliza mazoezi, anavisuuza viatu vyake vizuri kwa maji ya kisima, anaona amefanya usafi. Kumbe ameongeza. Tumia maji matamu, hata kikombe kimoja tu kwenye kitambaa, ufute bamba na kila msumari. Usizitumbukize kwenye ndoo.

Toa soli ya ndani ikiwa inatoka, jaza magazeti makuukuu, uanike kivulini penye upepo. Jua la saa saba hulegeza gundi, na ndani ya gari lililofungwa ni vibaya zaidi. Badilisha magazeti baada ya saa moja.

Mara moja kwa wiki legeza kila msumari mzunguko mmoja, ufute, upake grisi, urudishe. Ni kazi ya dakika chache ukiwa unasikiliza redio. Ukimaliza msimu, itoe yote, iweke kwenye kopo lenye mafuta kidogo ya cherehani, na matundu yafunike. Msumari ulioachwa ndani ya kiatu tangu Juni hadi Januari hapa Pwani hautatoka kwa spana.

Ukishakwama, usikurupuke. Dondoshea tone la mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina lake, usimwagie sponji, uache usiku kucha. Kesho yake jaribu kuukaza kidogo kwanza, kisha uufungue. Mara nyingi kukaza ndiko kunakovunja kutu. Kama kichwa kimeliwa hata spana haishiki, kikwangue kwa tupa pande mbili kiwe bapa, ukishike kwa koleo na kuzungusha polepole. Fundi wa viatu anaweza kukushonea kitambaa kilichochanika na kugandisha ncha iliyobanduka, lakini asipigilie chochote kwenye bamba wala asilipashe moto.

Bamba likipasuka, au matundu mawili ya mguu mmoja yakipoteza meno, jozi hiyo imemaliza kazi ya mashindano. Ibakize kwa mazoezi ya nyasi kama bado inashika. Misumari iliyo mizima usiitupe nayo. Kampuni nyingi hutumia skrubu za kipimo kimoja, na msumari uliotoka kwenye kiatu cha zamani huingia bila shida kwenye jozi utakayoikuta Kongowea mwakani.